Kisanduku Kilichosema Sawa

Jumanne, 6 Mei

Chujio limeoshwa, limeanikwa dirishani. Mirija nimeifuta. Maji ya chupa yako kwenye alama. Baba amekaa kitandani, mirija puani, redio ya mahubiri ikinong'ona. Nimemwuliza ameamkaje. "Sijambo, mwaitu." Kila siku ya Mungu jibu ni hilo. Mwaitu kwa Kikamba maana yake "mama yangu". Nilipewa jina la mama yake, basi ananiita hivyo tangu sijajua kutembea.

Kisanduku kando ya mashine ya oksijeni: SAWA 93. Kijani. Nikashika njia.

Kutoka mtaani kwetu Huruma mpaka Kariokor kwa miguu, saa nzima, matope hadi kwenye vifundo. Mvua ya Mei haina adabu. Ofisi yetu iko juu ya washonaji wa viatu vya ngozi, na mchana kutwa tunavuta harufu ya gundi yao. Mezani nimekuta visanduku vitatu vimerudishwa kutoka zahanati tatu. Karatasi ya kwanza: Inaandika Hitilafu 1. Ya pili: Hitilafu 1. Ya tatu: Inaumwa, tafadhali.

Nimevifungua vyote. Kimoja waya umetafunwa na panya. Kimoja kihisi kimezeeka. Cha tatu hakina shida, umeme wao ndio mbovu. Magonjwa matatu, jina moja. Siku imeishia hapo. Nina hasira na sijui ni ya nani.

Alhamisi, 8 Mei

Mama Akinyi wa mlango wa pili aliniuliza leo mimi hufanya nini hasa huko kazini. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku kwenye kliniki, mchana yuko nyumbani, na ndiye anayemtupia Baba jicho nikiwa sipo. Ana haki ya kuuliza.

Nikamwambia: mashine inachuja hewa ya kawaida, inatoa oksijeni. Kisanduku chetu kinapima kama hiyo hewa inayotoka ni safi, asilimia ngapi ni oksijeni. Ndani mna kihisi, hicho ndicho kinachonusa. Kuna skrini, hiyo ndiyo inayosema. Kihisi hakijui kusema, skrini haijui kunusa. Kati yao kuna kijiprogramu, tunakiita draiva. Kazi yangu ni hiyo draiva.

"Kwa hivyo wewe ni mkalimani wa vyuma."

Nimecheka. Hakuna aliyewahi kuieleza vizuri hivyo, hata mimi kwenye barua ya kuomba kazi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefungua draiva leo kuanzia mstari wa kwanza. Miaka minne sijaisoma. Nilikuwa natafuta mahali pa kuitenganisha ile Hitilafu 1, nijue ya panya ni ipi na ya uzee ni ipi.

Hitilafu 1 ni gunia. Humo nilitupa kila kitu. Jibu likija limevurugika, humo. Namba ikipita kiasi, humo. Umeme ukiyumba, humo.

Halafu nikaona kibaya zaidi. Mstari wangu mwenyewe, kwa maandishi yangu: kihisi kisipojibu mara tatu, rudisha namba njema ya mwisho. Na kando yake nimeandika, usiwatishe watu.

Nakumbuka siku ile. Injinia Barasa, bosi wetu, alikuwa amerudi kutoka kliniki moja ambako wauguzi walikuwa wamefunika skrini kwa kitambaa kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Waya ulikuwa unalegea kwa sekunde mbili, kisha unashika. Nikaona nitumie ile namba ya mwisho kujaza pengo. Sekunde mbili tu. Nilijiona mwerevu. Sikuandika popote kwamba pengo likizidi sekunde mbili ifanye nini. Likifika siku mbili, mwezi, kisanduku kitaendelea kutabasamu.

Tumelelewa hivi. Ukiamkuliwa, kwanza njema. Hata kwenye matanga: habari za hapa? Nzuri. Shida inakuja baadaye, baada ya "ila". Nimeilea mashine vilevile, lakini sikuifundisha "ila".

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwambia Injinia. Amesikiliza vizuri, hilo simnyimi. Ni mtu mpole, mzee wa kanisa, hajawahi kunipazia sauti. Nikamwonyesha mstari. Nikamwonyesha orodha: kuna njia kumi na moja za kihisi kuharibika na tunazo njia mbili tu za kusema, na moja ni uongo.

Akasema tusiuite uongo, tuuite subira.

Akasema mgonjwa akisoma maneno mengi kwenye skrini atakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa. Akasema wateja wetu wanatupenda kwa sababu visanduku vyetu ni vitulivu. Akasema nirekodi hizo kumi na moja ndani kwa ndani, mahali ambapo mafundi tu wataziona, na skrini ibaki ilivyo.

Nikauliza, na muuguzi je? Yeye ndiye aliye kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Muuguzi akiona mambo hayaeleweki, atatupigia."

Hataona mambo hayaeleweki, Injinia. Ataona SAWA.

"Tutalizungumza tena, dada."

Kutoka kwake hiyo ni hapana. Nimerudi mezani. Salim, anayechomelea bodi zetu, mtu wa Majengo aliyekuwa hapa kabla yetu sote, hakuinua hata kichwa. "Hiyo nilijua, siz. Mzee haezi taka stori za kushtua watu."

Nimekunywa chai baridi. Ujinga, kuumia hivi kwa mstari mmoja.

Jumatano, 14 Mei

Naandika draiva mpya hata hivyo. Hakuna aliyeniruhusu, hakuna aliyenikataza kwa neno kavu. Nikirudi jioni naandikia hapa mezani, karibu na kitanda.

Leo nimeandika sentensi, si namba. KIHISI HAKIJIBU. ANGALIA WAYA MWEUSI NYUMA. Nyingine: UMEME UNAYUMBA. NAMBA HII USIIAMINI. Nyingine: KIHISI KIMEZEEKA. PIGIA FUNDI WIKI HII. Nimemsomea Mama Akinyi mlangoni. Ya katikati aliirudia mara mbili. Amesema tangu aanze kazi hakuna chombo kilichowahi kumwambia usiniamini.

Baba akauliza ninasoma nini. Nikamweleza kuhusu ile namba ya kujazia pengo. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikashika mgongo wake.

Alipotulia akaniambia kitu ambacho ninakijua, ila sikuwahi kukisikia kutoka kinywani mwake. Miaka arobaini amechonga twiga na vifaru pale Pumwani. Mti mbichi ukipasuka, hutupi kazi. Unachukua vumbi la mbao, unachanganya na gundi, unajaza ufa, unapiga msasa, unamaliza na dawa ya viatu. Hauonekani. Mzungu anapanda ndege na twiga wake. Ufa utafunguka hukohuko kwao, sebuleni, wakati wa baridi, na hana wa kumdai.

"Wewe ni mtoto wangu kweli," akasema.

Sikucheka. Hilo vumbi ndilo liko kifuani mwake sasa. Wachongaji hawakuwa wanafunika pua. Walikuwa wanaimba.

Jumamosi, 17 Mei

Lazima niandike hili taratibu.

Saa saba mchana, umeme ukaenda. Mtaa mzima. Mashine ikapiga king'ora chake kifupi, ikanyamaza. Nikafanya tunavyofanya siku zote: mtungi mdogo wa akiba chini ya kitanda, fungua, hamisha mirija, hesabu mapigo ishirini. Baba alikuwa ametulia. Aliniangalia tu.

Halafu nikageuka. Kisanduku kina betri yake, hakizimi umeme ukienda. Mashine imezima. Haitoi hewa yoyote, safi wala chafu. Na kisanduku kimekaa hapo kando yake: SAWA 93. Kijani.

Nikangoja. Dakika tano. Kumi. Umeme ulipokatika mara ya mwisho, kabla ya Pasaka, namba ilishuka upesi na king'ora kikalia mpaka majirani wakaja. Leo haikushuka hata kidogo. Tisini na tatu. Tisini na tatu. Nikakipiga kofi. Tisini na tatu.

Kihisi cha Baba kimekufa. Kilikufa lini sijui. Kati ya Pasaka na leo kuna siku moja ambayo namba hiyo ilikuwa kweli kwa mara ya mwisho, na mimi siijui. Kila asubuhi nimeiangalia nikaenda kazini.

Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini. Mashine ikaanza tena kunguruma. Inatoa nini? Inaweza kuwa oksijeni. Inaweza kuwa hewa ya Huruma tu, na moshi wake, nampulizia baba yangu puani.

Nimemwuliza anajisikiaje. Sijambo.

Jumapili, 18 Mei

Sikuenda kanisani.

Draiva mpya iko kwenye kompyuta yangu, imekamilika, na siwezi kuiingiza kwenye kisanduku. Waya wa kupakia uko ofisini. Ofisi imefungwa, funguo anazo Injinia, na Injinia yuko kwao magharibi kwa harambee ya kanisa. Nimempigia mara nne. Simu imezimwa. Salim nimempata. Anasema kesho asubuhi atakuwa mlangoni kabla ya mtu yeyote. "Usijali sana, siz." Nijali kidogo basi. Kiasi gani?

Kuna kibanio cha kidole kinachopima hewa iliyofika kwenye damu. Kliniki ya Mama Akinyi wanacho kimoja. Anasema wikendi hakitoki, kuna watoto wenye nimonia, na amesema kweli. Atakileta kesho mchana, dakika kumi, akirudishe. Kwa nini sikumwomba mwezi mzima uliopita? Kwa sababu nilikuwa na kisanduku. Nilikitengeneza mimi.

Nilitaka tuite gari twende hospitali. Baba amekataa. Ati kwa nini apelekwe hospitali mtu asiyeumwa popote? Amekunywa uji. Amekunywa nusu ya uji. Nimehesabu anavyopumua kwa saa yangu, dakika nzima, mara tatu, na kila mara nimepata jibu tofauti kwa sababu akigundua ninahesabu anabadilisha.

Nimekaa. Sina la kufanya ila kukaa. Nimekaa kando ya mashine na kuweka kiganja mbele ya mrija, kama kiganja kinaweza kujua kitu.

Mara kisanduku kikapiga mlio wake mdogo wa kila saa, wa kusema mambo yako shwari. Nimekifunika na kitambaa cha meza.

Jumatatu, 19 Mei

Salim alinisubiri mlangoni kama alivyosema. Injinia alifika saa mbili, akafungua, macho mekundu ya safari. Sikumweleza. Nilichukua waya wa kupakia na kuuweka kwenye mkoba nikamwambia kwamba Baba yuko vibaya. Akasema nenda, nenda. Salim akachukua kifaa chake cha kuchomelea akanifuata bila kuulizwa.

Tumepakia draiva mpya saa nne na nusu. Kisanduku kikazima, kikawaka. Sekunde tatu. Halafu nikasoma maneno yangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu: KIHISI HAKIJIBU. ANGALIA WAYA MWEUSI NYUMA.

Salim akageuza kisanduku. Waya mweusi. Umeachia kwenye mguu wa kihisi, upana wa unywele. "Huyu hapa. Imekufa kitambo hii." Dakika mbili za risasi ya kuchomelea na moshi. Akakirudisha.

93.1. Kisha 92.8. Kisha 93.0.

Inacheza. Namba hai haikai mahali pamoja. Nimeiangalia nikalia, na Salim akajifanya anatafuta kitu mkobani mwake. Mashine ya Baba ni nzima. Siku zote hizo ilikuwa nzima. Namba ya uongo ilikuwa ya kweli kwa bahati. Nikamwambia Baba, unapata hewa safi, Baba. Akasema, "Si nilikwambia."

Kwa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Huruma. Naiandika hapa kwa sababu ilikuwepo.

Mama Akinyi akaingia na kibanio. Akakibana kwenye kidole cha Baba, cha shahada. Kucha zake zina rangi ya zambarau mbivu, na mimi nilidhani ni dawa ya viatu, ile ambayo haikuwahi kutoka kabisa. Sabini na tisa. Isingepaswa kushuka chini ya tisini. Mama Akinyi akahamishia kidole kingine. Sabini na nane. Akapasha mkono wa Baba kwa viganja vyake, akajaribu tena. Sabini na tisa.

Hewa safi inatoka kwenye mashine. Haifiki. Inapotelea ndani yake.

Nimeandika njia kumi na moja za kihisi kuharibika. Hii haimo.

Jumanne, 20 Mei

Hospitali tangu jana alasiri. Naandika kwenye benchi.

Daktari ni msichana, mdogo kuliko mimi, amechoka. Alimwamkua kwa heshima. Shikamoo, mzee. Unajisikiaje? Baba, midomo ya buluu, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, akajibu: "Sijambo, daktari. Huyu mtoto ndiye ana wasiwasi."

Daktari akaandika kitu. Nikaona alichoandika: mgonjwa hana malalamiko.

Nilitaka kunyakua karatasi.

Amepigwa picha. Daktari alinionyesha kwenye mwanga. Mapafu yamejaa makovu, meupe mahali panapotakiwa pawe peusi. Vumbi. Miaka mingi. Aliniuliza kama amekuwa akikosa usingizi, kama miguu inavimba, kama anashindwa kumaliza chakula, tangu lini. Sijui. Mimi ninayeishi naye chumba kimoja nilisema sijui mara tano mfululizo. Akasema kama tungekuja mwezi mmoja au miwili mapema, kuna dawa ambayo labda ingesaidia. Alisema labda. Nimelishika hilo labda siku nzima, na sijui nilipeleke wapi.

Alhamisi, 22 Mei

Tumerudishwa nyumbani. Kutoka lita mbili kwa dakika hadi lita nne. Mashine yetu mwisho wake ni tano. Nilimwuliza daktari, na baada ya tano? Alishika mkono wangu. Wakishaanza kushika mkono hakuna swali la kuuliza tena.

Wanaume wawili wa ploti, jengo tunaloishi, walimpandisha Baba ngazi kwa kiti. Alikuwa anatania njiani, ati anarudi kama chifu.

Nilipobaki naye nikamwuliza, Baba, unaumwa wapi? Akasema hajambo.

Nimemfokea. Nimemfokea baba yangu mgonjwa, mlango ukiwa wazi, ploti nzima ikisikia. Nimemwambia sitaki kusikia neno hilo tena. Nimemwambia amenidanganya mwezi mzima, yeye na kisanduku, wote wawili, na kisanduku angalau kina sababu, kilifundishwa na mjinga. Wewe ulifundishwa na nani, Baba? Nikasema laiti angesema. Nikasema tungekuja mapema. Nikasema lile labda la daktari, nilitamka lote, mbele yake.

Alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema polepole, kwa sababu sasa maneno manne yanamaliza pumzi, "Ningesema, ungefanya nini, mwaitu?"

Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ninajichukia. Mtu ana miaka sabini na mbili, nimemfanyia kesi.

Ijumaa, 23 Mei

Injinia amekuja kumwona mgonjwa. Mkate, maziwa, sukari, na Salim nyuma yake kabeba papai. Ameomba, ombi refu la kwao, Baba amesema amina.

Kisha akakiona kisanduku. Sikuwa nimeiondoa draiva mpya. Dakika ileile umeme ulishuka kidogo, taa ikafifia, na skrini ikaandika: UMEME UNAYUMBA. NAMBA HII USIIAMINI. Baada ya muda ikarudi 92.9.

Injinia alinigeukia. Nilidhani nimefutwa kazi. Baba ndiye aliyesema, kwa vipande vipande: hiyo ni nzuri, Injinia. Ikiniambia nisiamini, siamini. Ikinyamaza, nalala.

Chini kwenye ngazi Injinia ameniambia tutaipeleka draiva hiyo kwenye visanduku vyote, ila si hitilafu zote kumi na moja. Tatu. Waya, umeme, uzee. Nyingine ni kuwachanganya watu. Nimesema na ule mstari wa namba ya mwisho? Akasema ule toa. Hata leo.

Wiki mbili zilizopita ningeruka kwa furaha. Nimesema asante, Injinia. Nimeutoa jioni. Mstari mmoja, kitufe kimoja. Haukuwa na uzito wowote.

Jumapili, 25 Mei

Asubuhi, mvua nyepesi. Chujio limeoshwa. Maji yako kwenye alama. Lita nne. Kisanduku kinasema 93.2, 92.9, 93.0, kinahangaika kidogo kama kinavyotakiwa.

Sikumwuliza. Tangu Alhamisi ninaogopa kumwuliza. Nilikuwa ninakunja blanketi yangu aliposema, "Mwaitu. Chukua kalamu."

Nikachukua daftari hili, ndilo lililokuwa karibu. Akaangalia kwanza kisanduku, kama mtu anayetazama jinsi mwenzake anavyofanya. Kisha akaanza. Alikuwa anasema kipande, anapumua, anasema kingine. Nimeandika kama alivyosema.

Kifua, upande wa kushoto, kama mtu amekikalia. Hilo ni tangu Pasaka.

Usiku silali. Nikilala chali nazama. Najifanya nakoroma ili usiamke.

Uji hauna ladha.

Miguu baridi, haipati joto.

Naogopa. Si kila saa. Kukipambazuka.

Akauliza kama nimeandika yote. Nikasema nimeandika. Akasema basi, ndiyo hayo.

Nimeisoma mara tatu. Iko wazi. Kila kitu kina mahali pake na wakati wake, sijawahi kupewa ripoti nzuri kuliko hii. Hakuna hata mstari mmoja humo ninaoweza kuurekebisha, isipokuwa wa nne.

Nimetafuta zile soksi zake za sufu chini ya kitanda. Nimemvisha. Nimekaa na miguu yake mapajani mwangu, naisugua, na redio inaendelea.